Chupa Iliyoshika Sauti ya Yaya Odette

Sauti ninayoikumbuka kabla ya zote za majira yale ni ya spoki za baiskeli. Papa alikuwa mtu wa toleka, yaani alibeba watu mjini Kisangani kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kiti ambacho Mama alikishonea mto wa kitambaa chekundu ili abiria wasilalamike, na kila Jumapili baada ya kula aliipindua baiskeli ile uani, kiti chini magurudumu juu, akaanza kuisugua kwa kitambaa chenye mafuta machafu ya gari. Uani kulinuka mafuta yale na moshi wa samaki. Yaya Odette, dada yangu mkubwa, alikuwa amechuchumaa pembeni akimsubiri Papa amalize ili afagie, na kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure, akapitisha ukucha kwenye zile nyaya ngumu za gurudumu, moja baada ya nyingine. Zikalia. Nyingi zililia nyembamba, karibu sawasawa, kisha ikaja moja iliyokuwa imelegea, nayo ikatoa sauti nene, ya chini, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Odette akairudia ile. Akaigonga tena, na tena.

"Odette, acha velo yangu," Papa akasema. "Kesho iko na kazi."

"Papa, sikia. Hii moja inaongea kama mimi."

"Basi ndiyo ile iko mubaya," Papa akasema kwa kicheko, akachukua ufunguo wake mdogo, akaikaza. Odette akaigonga. Sauti ilikuwa imepanda, imekuwa nyembamba kama za wenzake. Papa hakuwa na nia mbaya, hilo nataka lieleweke, kazi yake ilikuwa kuhakikisha gurudumu halitikisiki. Lakini nilikuwa nimekaa karibu, na nilimwona dada yangu akiiangalia spoki ile kwa muda, halafu akaniambia kwa sauti ndogo: "Mado, umesikia? Ameipandisha. Kumbe sauti inapandishwa na kushushwa kwa mukono."

Mimi nimesoma mpaka mwisho wa shule ya msingi tu, baada ya hapo nimekaa na cherehani. Huwa naandika kidogo jioni, mambo ya siku, kwa ajili yangu mwenyewe, na sijui kama kuna mtu mwingine ambaye yanaweza kumfaa. Haya ya majira yale nimeyaandika mara kadhaa, na kila mara nahisi nimeongeza chumvi mahali. Binamu yangu Dido, ambaye yumo ndani ya habari hii karibu kila hatua, anasema mambo mengine yalikwenda tofauti. Palipo na tofauti nitasema.

Tulikaa karibu na maporomoko, upande ule ambapo wavuvi wanasimika miti mikubwa katikati ya mawe na kuning'iniza vikapu vya kutegea samaki. Sauti ya maji haikatiki pale. Mgeni anaisikia siku za kwanza, halafu anasahau kwamba anaisikia, lakini koo lake halisahau, maana anaanza kuongea juu bila kujua. Watu wote wa kwetu wanaongea juu. Ukienda nao sokoni katikati ya mji, wengine wanafikiri mnagombana. Sauti nyembamba inapita juu ya maji kama ndege. Sauti nene maji yanaimeza, kwa sababu maji yenyewe yana sauti nene. Nadhani hapo ndipo shida ya dada yangu ilipoanzia, ingawa wakati ule hakuna aliyeisema hivyo. Kanisa letu dogo la mabati lilikuwa hapo hapo, madirisha yake ya mbao yakifunguka upande wa mto ili joto litoke, na korali yake ilijulikana kwa kuimba juu kuliko korali zote tulizozijua. Hatukuwa na kinanda. Papa Anselme, seremala aliyeiongoza korali, ndiye aliyetoa sauti ya kuanzia: alifumba macho, akanung'unika "mmm", na wote tukaingilia hapo. Na hapo palikuwa siku zote mahali pa mke wake, Mama Béa, ambaye sauti yake, nasema bila wivu, ilikuwa kali na safi kiasi kwamba wavuvi waliisikia wakiwa juu ya miti yao.

Yaya Odette alikuwa na miaka kumi na tatu hivi. Sauti yake ilikaa chini tangu alipokuwa mdogo, na mwaka ule ilizidi kushuka. Wimbo ulipopanda, yake ilipasuka katikati, ikabaki hewa tupu. Wavulana wa benchi la nyuma walimwita Tonton Odette, yaani Mjomba Odette. "Tonton, ndevu zinaota lini?" waliuliza, na yeye alicheka pamoja nao, jambo ambalo mimi sikulipenda. Kisha sikukuu ya kanisa ikakaribia, kukawa na wimbo mpya wenye ubeti wa mtu mmoja, na Papa Anselme akatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho ya mazoezi kila mtoto atauimba ubeti huo peke yake. Atakayeufikisha vizuri kuliko wengine atauimba siku ya sikukuu, na atakayeshindwa kabisa atatoka benchi la waimbaji. Alimwangalia Odette, nadhani kwa huruma. "Huyu mutoto iko na bidii," akawaambia wakubwa waliokuwapo, mbele yake. "Lakini sauti yake inakaa chini. Maji inaikula. Mi nifanye nini?" Swali lile lilikuwa la haki. Kweli angefanya nini? Ila kwa Odette korali ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho si kufua, kupika wala kubeba mtoto wa mtu. Siku ile alirudi nyumbani, akaanza kutwanga pondu, yale majani ya muhogo, kwa nguvu kuliko pondu ilivyohitaji.

Na alipokuwa akitwanga akauimba ubeti ule. Wote, mpaka mwisho, pale unapopanda na pale unaposhuka, bila kupasuka hata mahali pamoja. Dido alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha ukuta, akainua kichwa. Alikuwa wa rika la Odette. Mama yake alikuwa akienda Basoko kwa mashua kununua samaki wakavu na kukaa huko wiki nyingi, na katika muda huo Dido alikuwa wetu. Hakuwa mtu wa kuimba. Alipenda kubishana.

"Yaya, si umeimba?"

"Nimeimba."

"Na kanisani unashindwa. Donc haina shida ya sauti. Wanakuingiza kwa mulango ya Mama Béa."

"Sasa nifanye nini? Papa Anselme akitoa sauti yake, yangu inakimbia. Siikumbuki tena inaanzia wapi."

"Alors tutafute kitu itakumbuka kwa nafasi yako."

Sijui kama ninaweza kueleza furaha iliyotuingia na maneno yale. Walimu walikuwa kwenye mgomo, shule imefungwa, asubuhi zote zilikuwa zetu mara tu maji yakishatekwa na vyombo kuoshwa. Tulianza na mabua ya majani ya papai, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Bua la papai lina tundu ndani. Ukilikata, ukaliziba chini kwa kidole na kupuliza juu ya mdomo wake, linalia. Tulikata refu, likatoa sauti nene. Tukakata fupi, likatoa nyembamba. Halafu Odette akakata lingine la urefu wa kati, akalishika bila kulipuliza, akasema, "Ngoja, niimbe kwanza vile itasema," akaimba, ndipo akapuliza, na bua likajibu karibu kabisa na alivyoimba. Alinishika mkono mpaka nikaumia. Tulikuwa tumeijua sauti kabla ya kuisikia. Asubuhi nzima tulikata, tukayapanga mabua chini kwa urefu kama watoto kwenye mstari wa shule, midomo yetu ikiwashwa na utomvu, mpaka tukapata lililolia pale pale Odette alipoanzia ubeti. Tukalifunga kwenye jani la ndizi kama kitu cha kupeleka harusini. Kesho yake lilikuwa limenyauka, laini kama utumbo wa kuku, na kilichotoka humo hakikuwa sauti ya mtu yeyote.

Dido akaleta mwanzi. Mwanzi haunyauki, akasema, na hilo ni kweli. Lakini mwanzi ukiukata umeukata. Odette anaimba, mimi napuliza, Dido anapunguza kidogo kwa kisu cha samaki, mimi napuliza tena, na sauti inapanda kuifuata ya Odette, inakaribia, "bado," Odette anasema, "bado kidogo," Dido anapunguza tena, na tumepita. Huwezi kuurudishia mwanzi kipande chake. Tuliharibu mianzi mingi kwa namna hiyo hiyo. Dido anasema kosa lilikuwa pumzi yangu, kwamba nilipuliza mara kwa nguvu mara kwa upole, na nguvu ya pumzi nayo inaihamisha sauti. Mimi nasema mkono wake ulikuwa mzito. Nafikiri wote tuna haki. Tulijaribu pia kopo la sadini na uzi wa nailoni wa wavuvi, tukaukaza kwa kijiti. Uliimba vizuri sana, lakini asubuhi ulikuwa juu, na mchana, jua likishaupiga, umelegea na kuteremka. Odette akasema kopo lile lina tabia kama zake yeye Odette: linajua wimbo nyumbani, mbele ya watu linashindwa.

Chupa zilikuwa uani siku zote na hatukuziona. Mama aliuza mafuta ya mawese, na mafuta hupimwa kwa chupa kubwa za bia, kwa hiyo tulikuwa na safu nzima ya chupa zinazosubiri kuoshwa. Odette alikuwa akiziosha. Moja ilikuwa na maji nusu, akaipuliza mdomoni ili kuondoa povu la sabuni, ikatoa sauti nene ya mviringo, kama bundi. Akamwaga maji kidogo, akapuliza: sauti ikashuka. Akaongeza maji, sauti ikapanda. Akamwaga tena, ikashuka tena mpaka pale pale ilipokuwa. Mikono yake ilikuwa bado na povu.

"Mado," akasema polepole, "hii inarudi."

Hicho ndicho mwanzi ulichokuwa umetunyima. Ukizidisha, unamwaga. Ukimwaga mno, unaongeza. Nilikimbia kumwita Dido kana kwamba nyumba inaungua. Alikuja na kijiko mkononi maana alikuwa anakula, na badala ya kupuliza akaigonga chupa kwa kijiko, akaongeza maji, akagonga tena, akatingisha kichwa.

"Umekosea. Maji inaishusha."

"Maji inaipandisha, Dido."

"Una masikio ya nini, ya kuvalia heleni? Sikia." Akagonga. Kweli, kila alipoongeza maji, mlio wa kijiko ulishuka.

"Na wewe sikia." Odette akapuliza. Kila alipoongeza maji, sauti ilipanda.

Waligombana mpaka Mama akatoka ndani kuuliza kama chupa zake zitabaki nzima. Mwishowe waliniweka mimi kuwa mwamuzi, kwa sababu nilikuwa mdogo na sikuwa upande wa mtu. Wakaniambia nifumbe macho. Nikafumba, wakapuliza, wakagonga, wakaongeza, wakamwaga, nami nikasema kwamba wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wakanikasirikia. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Chupa moja, maji yale yale, na sauti mbili zinazokwenda njia tofauti. Tulikaa juu ya jambo lile siku nzima. Tulichokubaliana ni hiki: ukipuliza, kinacholia ni hewa iliyo ndani, na maji yanainyang'anya nafasi, kwa hiyo hewa inakuwa ndogo na sauti yake nyembamba, kama kwenye bua fupi. Ukigonga, kinacholia ni chupa yenyewe, na maji yanaielemea, inakuwa nzito, inaongea chini. Hakuna mwalimu aliyetuambia, na mpaka leo sina hakika kama tulieleza sawa. Ila furaha ya kulieleza wenyewe sijaipata tena mara nyingi. Kesho yake tulipanga chupa kwenye ukuta, kila moja na maji yake, tukapuliza kiitikio cha wimbo mpya, kila mmoja wetu akikimbia kutoka chupa hadi chupa, vichwa vikizunguka kwa kukosa pumzi, na watoto wa majirani wakaja kukaa chini kama wamekuja kwenye sherehe.

Kisha kazi yenyewe ikaanza. Odette aliimba mahali anapoanzia, akaishika sauti ile, na mimi nikapuliza. Hapo tukagundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia lipo. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana, hewa kati yake inatetemeka, wau, wau, wau, unaisikia hata kwenye meno. Ukiongeza tone la maji, mtetemo unapungua mwendo, waaau, waaau. Tone lingine, na unakwisha. Zile sauti mbili zinaingia moja ndani ya nyingine, husikii tena ipi ni ya mtu na ipi ni ya chupa. Tulipofika hapo mara ya kwanza, Odette aliacha kuimba, akaanza kucheka, akashindwa kuendelea. Dido alichukua rangi ya kucha ya Mama, akachora mstari mwembamba mwekundu kwenye chupa, usawa wa maji. Tukamwaga, tukajaza upya mpaka kwenye mstari. Sauti ilikuwa pale pale. Kesho yake pia, na kesho kutwa.

Jumamosi ya mazoezi Odette aliibeba chupa chini ya kitenge chake. Mimi nilibeba maji, Dido alikuja kwa sababu alisema mtu lazima alinde sayansi. Watoto wengine waliimba kwanza. Wawili walifika mwisho, mmoja alisahau maneno. Zamu ya Odette ilipofika, alijaza chupa mpaka kwenye mstari, akamnyooshea Papa Anselme kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu.

"Papa Anselme, nakuomba unitolee sauti kwa hii. Inajua mahali yangu."

Papa Anselme akaigeuza mkononi. "Hii si chupa ya pombe?"

"Iko na maji tu, Papa. Unapuliza hapa juu."

"Sasa mi, kiongozi, nitie mudomo kwa chupa ya pombe, ndani ya kanisa, mbele ya watoto?"

Hakuwa anatania. Katika kanisa letu mtu aliyeonekana na chupa kama ile mdomoni, hata iwe na maji ya baraka, angeitwa na wazee Jumatatu yake. Sisi watatu tulilijua hilo kama tunavyojua majina yetu, na katika asubuhi zote zile za mabua na mianzi na rangi ya kucha, hatukuliwaza hata mara moja. Lakini Papa Anselme alikuwa mtu wa haki. Hakutaka kumkatalia mtoto kitu alichokiomba kwa adabu. Akatafuta njia. Akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaigonga chupa, tiii, akafumba macho, akanung'unika kutoka hapo.

Ilikuwa juu. Nadhani ilikuwa pale pale mahali pa Mama Béa. Odette aliniangalia. Akaanza kwa sababu wakubwa walikuwa wanamsubiri. Kwenye mstari wa pili, wimbo unapopanda, sauti ikapasuka, ikawa hewa, na kutoka benchi la nyuma mtu akasema taratibu, "Tonton, pole."

"Papa, pardon, hapana vile," Dido akasema kutoka mlangoni. "Ile ni sauti ya chupa. Yetu iko ndani, kwa hewa."

"Na wewe nani amekuita? Wewe si wa korali." Papa Anselme akamgeukia Odette, na sauti yake haikuwa kali. "Bon. Umejaribu, binti yangu. Kaa chini."

Odette hakukaa. Akanyoosha mikono, akaichukua chupa kutoka mikononi mwake, kwa adabu ile ile, na yeye mwenyewe, mbele ya korali nzima na wake wa wazee waliokuja kufagia, akaiweka chupa ya bia mdomoni akapuliza. Watu waliguna. Mmoja wa wale wake wa wazee aliweka ufagio chini. Lakini kibaya zaidi kilikuwa kwamba hapakusikika kitu. Chupa ililia, mimi niliyekuwa karibu niliihisi kifuani, lakini madirisha yalikuwa wazi na mto uliimeza kabla haijafika benchi la pili.

"Sisikii kitu," Papa Anselme akasema.

Hapo Mama Béa akainuka. Mimi nilifikiri anakwenda kumnyang'anya Odette chupa. Akapita mbele yetu, akafika dirisha la kwanza, akavuta ubao wake, akaufunga kwa kishikizo. Akaenda la pili. Akafunga yote ya upande wa mto, bila haraka, na kila moja lilipofungwa ngurumo ilirudi nyuma hatua moja. Kanisa likawa na giza na joto la oveni. Mama Béa akarudi kukaa, akajifuta shingo.

"Sasa puliza, mutoto," akasema.

Odette akapuliza. Sauti ile ya mviringo ikatembea juu ya mabenchi mpaka ukuta wa mwisho. Akaondoa chupa, akaanza kuimba kutoka pale pale ilipoishia, na sitajaribu kueleza sana, maana hapa ndipo naogopa kuongeza chumvi. Nitasema tu nililoliona. Mstari wa pili ulipopanda, alipanda nao. Papa Anselme alifungua macho, jambo ambalo yeye hakulifanya kamwe mtu akiimba. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka, na Papa Anselme akasema, "Tena, toka mwanzo," akaimba tena, na kisha Papa Anselme akaamuru korali nzima iingie kwenye kiitikio kutoka sauti ile.

Na kusema haki ilikuwa vurugu. Wimbo ulipofika chini, sauti ya Mama Béa, ile ya kuwaita wavuvi, ilizama kabisa. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akaacha, akaanza kucheka, akajipiga paja.

"Anselme, huko chini mi sifiki. Leo mi ndio nimekuwa Odette."

Watu walicheka mpaka Papa Anselme naye akacheka. Wavulana wawili wa benchi la nyuma, ambao sauti zao zilikuwa zinavunjika mwaka ule na ambao kwa miezi walikuwa wanafungua midomo tu, walikuwa wameimba kiitikio chote kwa mara ya kwanza, nao hawakujua waangalie wapi. Papa Anselme akaichukua chupa, akauangalia ule mstari mwekundu, akaigonga kwa ufunguo, akasikiliza. Akampa Odette. "Puliza." Akasikiliza. Akagonga tena. Akafanya hivyo mara kadhaa, na mimi niliutambua uso ule, ndio tuliokuwa nao sisi uani.

"Bon," akasema. "Ubeti ataimba huyu. Atapuliza yeye mwenyewe, mi sitapuliza. Ubeti ukiisha, mi nagonga, na kiitikio kinaanzia pale, kwa Béa." Akageukia upande wa mto. "Na madirisha yafungwe."

Siku ya sikukuu ilikuwa hivyo hivyo. Sijui kama watu wanaojua muziki wangekubali sauti zile mbili ziwekwe katika wimbo mmoja. Watu waliosimama nje kwa sababu ndani palijaa walisema hawakusikia ubeti, walisikia kiitikio tu, na ni kweli, siwezi kusema walidanganya. Wengine ndani walilalamikia joto. Lakini Papa wetu alikuwa benchi la mbele na shati lake la Jumapili limeloa, na tulipokuwa tunarudi nyumbani alimwambia Odette, "Nimesikia maneno yote," na alikuwa mtu wa maneno machache. Odette alikaa kwenye korali ile mpaka alipoolewa.

Sasa mimi ninakaa Mangobo, mbali na maporomoko, mahali ambapo mtu mwenye sauti nene anaweza kusikika bila kufunga madirisha. Odette yuko Bafwasende na familia yake na anaongoza waimbaji wa huko. Ananitumia sauti yake kwa simu, na imeshuka zaidi. Dido ana pikipiki na bado anabishana. Kanisani kwetu tuna kinanda cha umeme kinachopigwa na kijana mmoja, na kinanda kile kina kitufe cha kuushusha au kuupandisha wimbo mzima. Mara ya kwanza alipokibonyeza nilikuwa karibu, nikashtuka. Kazi yetu yote ya uani, ipo chini ya kidole kimoja. Niliporudi nyumbani nilikaa kuandika kwamba vitu vya siku hizi vinakuja vimekwisha tengenezwa, kwamba kijana yule hajawahi kuona sauti ikipanda pamoja na maji, kwamba kwa hiyo hajui anachokishika. Niliandika karibu ukurasa mzima, na nilikuwa nimeridhika nao.

Jumapili iliyofuata alikuja msichana mpya, mwembamba, mwoga, akaombwa aimbe. Akauliza kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa mtoto wa kike tangu utoto wangu, ya chini, nene, aanzie wapi. Nikajiambia, sasa tuone. Kijana hakumtolea sauti. Hakubonyeza kitu. Akaondoa vidole kwenye kinanda, akavishika hewani.

"Wewe anza tu," akamwambia. "Mi nitakutafuta."

Sisi ilituchukua majira mazima, na mianzi, na rangi ya kucha ya Mama, na madirisha yote ya upande wa mto, ili mtoto mmoja aanziwe pale alipo. Msichana akaanza. Yule kijana alisikiliza maneno mawili, labda matatu, kichwa kimeinama, kisha vidole vikashuka, na vikamkuta.